Miaka ya Kulinganisha Picha za Ubongo wa Binti Yangu

Binti yangu ana kifuko cha maji ndani ya ubongo, upande wa kulia, sehemu ya mbele. Kiligunduliwa akiwa na miezi saba. Alianguka kutoka kitandani, akatapika mfululizo na kulala usingizi mzito usio wake, tukamkimbiza hospitali akapigwa CT, picha ya mionzi inayoonyesha kichwa kipande kwa kipande. Fuvu lilikutwa zima na hakukuwa na damu iliyovuja. Ila mwishoni mwa ripoti palikuwa na sentensi ambayo haikuhusu kuanguka kwake hata kidogo: kumeonekana uvimbe wenye majimaji, wa mviringo, kuta nyembamba, ukubwa milimita 24, mtoto afanyiwe MRI, yaani picha ya sumaku isiyo na mionzi.

Sasa yuko darasa la nne na kifuko bado kipo. Hajafanyiwa upasuaji. Katika miaka hii yote kazi yetu kubwa imekuwa kulinganisha picha mpya na za zamani, na hiyo ni kazi yenye mambo mengi kuliko inavyoonekana. Mzazi anayeielewa hulala vizuri kuliko yule anayekaa na ripoti peke yake usiku akihesabu milimita. Naandika kwa ajili ya mzazi huyo.

Kupata jina la kifuko chenyewe kulichukua muda. Vifuko vya maji vichwani mwa watoto viko vya namna nyingi. Kinachojulikana zaidi ni cha araknoidi, ambacho hukaa nje ya ubongo, katikati ya tabaka za utando unaoufunika, mara nyingi upande wa panjani. Hicho si adimu sana. Kuna watu wazima wengi wanacho na hawajui, mpaka siku wapigwe picha kwa sababu nyingine. Cha binti yangu kilikuwa ndani ya nyama ya ubongo, hakijaungana na vyumba vya maji vya ubongo wala na nafasi iliyo nje yake. Aina hiyo huitwa sisti ya neuroglia. Ni adimu, na inadhaniwa kwamba huanza mtoto akiwa bado tumboni, pale sehemu ndogo ya utando wa ndani wa mfereji wa neva inaponaswa mahali isipostahili kukaa wakati ubongo unajijenga. Si saratani.

Daktari wa radiolojia hakulitoa jina hilo kwa kutazama umbo tu. Alipita kwenye picha za aina mbalimbali, kila moja ikijibu swali lake. Kwenye picha za FLAIR, ambazo huzima mng'ao wa maji safi, kifuko kilizimika kuwa cheusi sawasawa na maji ya ubongo, kwa hiyo ndani hakukuwa na damu wala ute mzito wenye protini. Kwenye DWI, ambayo hupima jinsi molekuli za maji zinavyotembea, hakikung'aa. Kingekuwa sisti ya epidermoidi, ile yenye chembe za ngozi ndani, kingewaka. Hakukuwa na kovu pembeni, ambalo lingeonyesha kwamba ubongo uliwahi kuumia pale na kuacha shimo. Hakukuwa na ile nukta ndogo ndani ambayo huwa ni kichwa cha mnyoo wa tegu. Mtoto alipodungwa dawa ya kontrasti, ambayo hung'arisha sehemu zinazoinyonya, ukuta haukuinyonya na hakikuonekana kinundu chochote, na hilo ndilo lililotuondolea hofu ya uvimbe wa hatari wenye tumbo la maji. Naeleza haya yote kwa sababu baadaye, kila picha mpya ilipokuja, maswali yalikuwa yaleyale. Ukubwa ulikuwa mmoja tu kati yake.

Hata hivyo ni ukubwa ndio uliotutia presha kwanza. MRI ilifanyika wiki chache baada ya CT, kwenye kituo kingine, na ripoti ikaandika milimita 27. Kutoka 24 hadi 27 kwa wiki chache! Mume wangu aliisoma kimya, akanipa karatasi, akatoka nje. Nilikwenda kwa daktari wa radiolojia moyo ukinienda mbio, nikiwa na disketi zote mbili mkononi, za CT na za MRI, na nashukuru kwamba nilizibeba zote mbili, maana bila hizo angebaki na maneno ya karatasi kama mimi.

Aliweka picha hizo kando kwa kando kwenye skrini yake. Kabla hata ya kugusa kifuko akaniambia, "Mama, angalia macho." Kwenye MRI, mboni zote mbili zilionekana katika kipande kimoja, kushoto na kulia, zikilingana. Kwenye CT lilionekana jicho moja tu. Upande wa pili kipande kilikuwa tayari kimepita juu ya jicho na kuingia kwenye paji la uso. Siku ile ya dharura mtoto alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na hakuna aliyekuwa na muda wa kukinyoosha. Kwa hiyo mashine ilikata kifuko kwa mshazari. Isitoshe, vipande vya CT vilikuwa na unene wa milimita 5 kila kimoja, na vya MRI milimita 1. Kingo za kifuko zinaweza kupotelea ndani ya kipande kinene na usizione.

Kisha akafanya jambo ambalo sikujua kama linawezekana. Kwa kuwa ile MRI ilipigwa kwa vipande vyembamba sana, aliweza kuigeuza ndani ya kompyuta na kuikata upya kwa mshazari uleule wa CT. Akapima mbele yangu. Milimita 24. Kifuko hakikuwa kimekua hata kidogo. Kilikuwa kimetazamwa kutoka pembe nyingine.

Tangu siku hiyo nikawa na kanuni, kwamba kila ripoti inayosema kuna mabadiliko naiuliza kwanza kuhusu upigaji wenyewe. Ni mashine ileile? Vipande vina unene uleule? Vimekatwa kwa mwelekeo uleule? Nani amepima, na alitoka ukingo upi hadi ukingo upi? Tofauti ya milimita 1 au 2 inaweza kuzaliwa na mkono wa mpimaji tu, hata akipima picha ileile mara mbili. Madaktari wazuri wa radiolojia hawachukizwi na maswali haya. Wengi huyafurahia.

Basi kipimo chetu cha kuanzia kikawa cha ile MRI: milimita 27 kwa 22 kwa 23. Ukizidisha namba hizo tatu na kugawa kwa mbili unapata makadirio ya ujazo, ambayo hapa ni karibu mililita 6.8. Nilianza kuandika ujazo kwenye daftari langu pamoja na vipimo, na baadaye utaona kwa nini.

Picha iliyofuata alipigwa akiwa na mwaka mmoja na mwezi. Safari hii mashine ilikuwa ileile na vipande vilevile. Ikatoka 29 kwa 23 kwa 25. Hapo hapakuwa na mshazari wa kusingizia. Kifuko kilikuwa kimekua kweli, kutoka mililita 6.8 hadi kama 8.3, yaani zaidi ya asilimia 20.

Daktari wa upasuaji wa ubongo aliuliza kadi ya kliniki ya mtoto. Nikampa. Akaangalia mzunguko wa kichwa: kutoka sentimita 42.7 hadi 45.2. Namba hizo zinaonekana zimesogea kidogo, lakini kichwa ni mviringo, na mzunguko ukiongezeka kiasi hicho ujazo wa ndani huongezeka karibu asilimia 19. Ubongo wa mtoto hukaribia kuongezeka maradufu katika mwaka wa kwanza wa maisha, na kama asilimia 15 tena katika mwaka wa pili. Kifuko kilikuwa kikikua pamoja na nyumba yake. Mstari wa kichwa kwenye kadi ulikuwa umekaa palepale kwenye mkondo wake tangu kuzaliwa, haukupanda juu, na hilo lilimtuliza daktari kuliko kitu kingine chochote kilichokuwa mezani. Mzazi mwenzangu, kama kuna karatasi moja ya kutunza katika miaka miwili ya mwanzo, ni hiyo kadi. Futi ya kupimia kichwa haigharimu chochote, haina mionzi wala dawa ya usingizi, na picha ya mtoto mchanga haisomeki vizuri bila namba zake.

Katika ripoti hiyohiyo palikuwa na sentensi nyingine, ya kufurahisha safari hii. Iliandikwa kwamba weupe uliokuwa umekizunguka kifuko katika picha za T2, zile za MRI ambazo maji hung'aa, "umepungua". Nilitaka kushangilia. Daktari wa radiolojia akanieleza kwa upole kwamba weupe ule haukuwa ugonjwa wa kupona. Mtoto wa miezi saba, nyuzi za neva katika sehemu ya mbele ya ubongo bado hazijavikwa mielini, ule utando wenye mafuta unaosaidia ujumbe kusafiri haraka. Ubongo usio na mielini una maji mengi na hung'aa kwenye T2. Kadiri mielini inavyoingia, weupe hufifia, na sehemu ya mbele ndiyo miongoni mwa zinazomaliza mwisho, mara nyingi kuelekea mwaka wa pili. Ubongo uliokizunguka kifuko ulikuwa ukikomaa kama inavyotakiwa. Alinionya pia juu ya upande wa pili wa jambo hilo: wakati ubongo mzima unang'aa, uvimbe mdogo wa tishu pembeni ya kifuko unaweza kufichika, kwa hiyo picha za mtoto mchanga zisomwe na mtu aliyezoea bongo za watoto wachanga. Nakubaliana naye kabisa. Kama hospitali unayokwenda haina mtu huyo, inafaa kuomba picha zipelekwe kwa aliyepo kwingine. Siku hizi zinatumwa kwa mtandao na mtoto hahitaji kusafiri.

Kisha ikaja picha ya miaka miwili na kidogo.

33 kwa 28 kwa 29. Ukisoma harakaharaka utasema kifuko kimeongezeka milimita 4, kutoka 29 hadi 33, na ndivyo mhudumu mmoja alivyoniambia kunifariji: "Ni milimita 4 tu, Mama." Lakini nilikuwa na daftari. Ujazo ulikuwa umefika mililita 13.4. Kutoka 8.3 hadi 13.4 ni zaidi ya asilimia 60, na katika muda huo kichwa kilikuwa kimekua kama asilimia 15 tu. Kitu cha mviringo hudanganya namna hiyo. Kifuko cha milimita 20 kikifika 22, watu wataona milimita 2, kumbe kilichoongezeka ni theluthi moja ya maji yaliyokuwemo.

Halafu kulikuwa na umbo. Katika picha mbili za mwanzo, upande wa kifuko unaotazama chumba cha maji cha ubongo ulikuwa bapa, kana kwamba kifuko kilikuwa kimejilaza tu pale penye nafasi. Sasa upande huo ulikuwa umebinuka kwa nje, na pembe ya mbele ya chumba cha maji ilikuwa imebonyea. Daktari wa radiolojia alipitisha kalamu juu ya ukingo huo bila kusema neno kwa muda. Kwake yeye mbinuko ule ulikuwa na uzito kuliko milimita zote, kwa sababu unaonyesha kwamba ndani kuna shinikizo linalosukuma. Lakini vitu vingine havikuwa vimebadilika: maji yalikuwa bado meusi kwenye FLAIR, ukuta ulikuwa bado mwembamba, hapakuwa na kinundu, na mstari wa katikati ya ubongo haukuwa umehama.

Hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote. Madaktari wawili wa upasuaji walitofautiana. Mmoja alipendelea kuingia na kamera ndogo ya endoskopu na kukitoboa kifuko, maji yapate pa kutokea. Mwingine aliuliza mtoto yukoje. Na mtoto alikuwa mzima. Alikuwa akikimbia, akipanda ngazi, akiunganisha maneno mawili matatu, akitumia mikono yote miwili sawasawa. Alichunguzwa nyuma ya macho kwa taa, na mshipa wa fahamu wa jicho haukuwa umevimba. Hakuwahi kupata degedege. Njia za maji ya ubongo zilikuwa wazi. Tukakata shauri pamoja: apigwe picha tena baada ya miezi mitatu, na tukapewa orodha ya mambo ambayo yakitokea tusisubiri hata siku moja, nayo ni kuamka alfajiri akilia na kutapika, kuyumba anapotembea, macho kuelekea chini yasiweze kupanda, degedege, upande mmoja wa mwili kulegea, au usingizi usioamshika. Tuliibandika mlangoni. Bibi yake aliisoma kila alipokuja kumshika.

Hapo palizuka suala la aina ya picha. Siku hizi kuna MRI ya haraka inayochukua dakika chache, mtoto hahitaji kulazwa usingizi, na kwa watoto wenye mipira ya kutoa maji kichwani imekuwa mkombozi. Nilitamani sana hiyo. Kumnyima mtoto wa miaka miwili chakula kwa saa sita kabla ya dawa ya usingizi, kisha kumwachia mikononi mwa watu waliovaa barakoa, ni jambo linalomtoa mzazi jasho. Daktari alinijibu wazi kwamba picha ya haraka ina vipande vinene, inatosha kuonyesha kama vyumba vya maji vimepanuka, lakini kwa uamuzi wa kupasua au kutopasua alitaka picha ileile ya mwanzo, ipigwe vilevile, ili mbinuko wa ukuta ulinganishwe na mbinuko wa ukuta. Nadhani alikuwa sahihi. Picha rahisi ina nafasi yake pale swali linapokuwa rahisi.

Kuhusu dawa ya kontrasti alikuwa na msimamo tofauti: asidungwe tena bila sababu. Dawa hizo zina gadolinia, aina ya metali, na ingawa sehemu kubwa hutoka kwa mkojo, chembe kidogo hubaki mwilini, hata kwenye ubongo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza kusimamishwa kwa baadhi yake, zile zenye molekuli ya mnyororo ulio wazi, kwa sababu huachia gadolinia kirahisi zaidi. Ukuta wa kifuko cha binti yangu ulishaonyesha mara ya kwanza kwamba haunyonyi kitu. Angeidunga tena tu kama kingetokea kinundu au maji yangebadilika rangi.

Baada ya miezi mitatu vipimo vilikuwa vilevile. 33 kwa 28 kwa 29. Mbinuko uleule. Mwaka uliofuata tena vilevile. Kufikia miaka sita ilikuwa 33 kwa 27 kwa 29, tofauti ambayo hakuna mtu makini angeiita kupungua, lakini ubongo uliokizunguka ulikuwa umenenepa, na ile pembe ya chumba cha maji ilikuwa imejirudishia nafasi kidogo. Kifuko ambacho akiwa na miaka miwili kilijaza macho kwenye skrini sasa kilionekana kitu kimoja kati ya vingi.

Nimejifunza kulisoma neno "hakijabadilika" kwa heshima yake, lakini pia kwa tahadhari. Ripoti nyingi hulinganisha picha ya leo na ya mwisho iliyotangulia. Kifuko kinachoongezeka milimita 1 kila mara kitaandikiwa "hakijabadilika" kila mara, kwa sababu milimita 1 iko ndani ya makosa ya upimaji. Ukifika mwaka wa tano ni milimita 5 na hakuna ripoti hata moja iliyosema kitu. Kwa hiyo kwenye fomu ya kuomba picha daktari wetu huandika kila mara kwamba ilinganishwe na ya mwisho na pia na ya kwanza kabisa. Na ili hilo liwezekane lazima ile ya kwanza iwepo. Hospitali hubadilisha mifumo ya kompyuta, vituo hufungwa, disketi hukwaruzika. Ninazo picha zote zenyewe, za ukubwa kamili, sehemu mbili tofauti. Picha ya simu iliyopigwa kwenye skrini haipimiki, na karatasi ya ripoti peke yake haiwezi kukatwa upya kwa mshazari kama alivyofanya daktari yule siku ile.

Kwenye viti vya kusubiria nimekutana na wazazi wengine, na habari zao zimenifundisha kwamba kifuko cha mtoto mmoja hakitabiri cha mwingine. Kuna mama ambaye mwanawe alikuwa na kifuko cha araknoidi panjani kilichotulia kwa miaka. Akiwa na umri wa shule aligongwa kichwani kwenye mchezo, maumivu ya kichwa yakaanza siku chache baadaye, na picha ikaonyesha kifuko kimepungua. Baba yake alishukuru Mungu papo hapo. Lakini maji hayakuwa yamekwenda mbali: kifuko kilikuwa kimepasuka na maji yalikuwa yamesambaa chini ya utando mgumu wa ubongo, yakiukandamiza kutoka nje. Mtoto alilazwa, akaangaliwa kwa karibu, na yalinyonyeka yenyewe. Si kila kupungua ni nafuu, na ukweli huu sijaona ukisemwa vya kutosha kwa wazazi wa watoto wenye vifuko vya panjani.

Msichana mwingine, mkubwa kidogo, alikuwa na kifuko cha Rathke karibu na tezi ya pituitari. Chake kilipungua kweli, bila tiba yoyote, na ndani yake rangi ikabadilika kwenye picha kwa sababu ute wake ulibadilika. Aina hiyo ina tabia hizo. Mabadiliko ya mng'ao ambayo kwa binti yangu yangezua taharuki, kwa msichana yule yalikuwa ya kutazamiwa. Na kuna sisti ya koloidi, adimu sana kwa watoto, inayokaa pale maji ya ubongo yanapotoka vyumba vya pembeni kuingia chumba cha tatu. Hapo hata kifuko cha sentimita moja kinaweza kuziba mlango na kuhatarisha maisha ghafla. Mahali kifuko kilipo huamua mengi kuliko namba.

Aliyenigusa zaidi ni mama ambaye mwanawe alikuwa na kifuko cha aina kama ya binti yangu, akapata degedege, akafanyiwa upasuaji wa endoskopu. Miezi mitatu baadaye picha ilionyesha kifuko bado kipo, kimepungua kama robo tu. Alikuja kunikalia karibu akiwa na ripoti mkononi, ameshika tama, akiamini kwamba mtoto wake alipasuliwa kichwa bure. Hakuna aliyekuwa amemwambia kabla ya upasuaji kwamba kutoboa kifuko si kukiondoa. Lengo ni kushusha shinikizo. Ubongo uliokuwa umesukumwa tangu mtoto yuko tumboni haurudi mahali pake kwa wiki chache, na sehemu ya nafasi ile huenda isijae kamwe. Kinachotazamwa ni kama ukuta umelegea, kama chumba cha maji kimepumua, na zaidi ya yote kama mtoto ana nafuu. Degedege za mwanawe zilikuwa zimekoma. Alilia pale pale, na nadhani daktari yeyote anayepeleka mtoto chumba cha upasuaji kwa ajili ya kifuko anawiwa na mzazi maelezo hayo, mapema, kwa lugha anayoielewa.

Siku za kungoja majibu bado hunikaa rohoni. Nimeona inasaidia kuomba jambo moja, kwamba ripoti isinifikie kwa simu kabla ya miadi na daktari ambaye atakuwa na picha zote mbele yake. Wako wazazi wanaotaka kujua saa ileile, na nawaelewa. Mimi nimechagua kungoja siku tatu nipate maelezo kamili kuliko kupata namba tupu usiku wa leo.

Tangu akiwa na miaka saba binti yangu hupigwa picha akiwa macho. Tulifanya mazoezi nyumbani, akilala chini ya meza ndefu iliyofunikwa shuka, akisikiliza sauti za mashine zilizorekodiwa, ile ya kugonga na ile ya king'ora, huku akishindana na mdogo wake nani atakaa bila kutikisika. Kichwa kikitikisika kidogo picha huwa na ukungu, na ukingo wenye ukungu hupimwa vibaya. Alilala ndani ya mashine bila kusogea, akatoka akauliza kama ameshinda.

Daktari amepanga picha inayofuata akikaribia kubalehe, na akiendelea vizuri baada ya hapo hazitakuwa za mara kwa mara tena. Itakuwa bila gadolinia, vipande vya milimita 1, na itapimwa na daktari yuleyule wa radiolojia kama bado yupo kazini. Binti yangu ameomba safari hii aonyeshwe picha zake zote, kuanzia ya kwanza. Ana maswali yake ameyaandika. Swali la kwanza linauliza kama anaweza kujifunza kuogelea na kupiga mbizi, na daktari amesema kuogelea aanze hata kesho. La kupiga mbizi watalizungumza wakiwa na picha mpya mbele yao.